Memphis, Birmingham au Montgomery: uanze na mji upi wa haki za kiraia?

Mgeni kutoka nyumbani akishamaliza siku mbili za uchovu wa ndege hapa Atlanta, akishaona maduka na kulalamikia baridi ya viyoyozi, huleta ombi ambalo siku hizi nalijua kabla hajafungua mdomo: "Nipeleke kwa Martin Luther King." Ukimuuliza kwa King wapi, anakutazama kama unamtania. Kwani mtu mmoja ana kwake ngapi?

Anazo nyingi. Alizaliwa Atlanta na ndiko alikozikwa. Kanisa la kwanza alilokuwa mchungaji wake mkuu liko Montgomery, Alabama. Barua yake mashuhuri aliiandika akiwa mahabusu Birmingham, katika jimbo hilohilo la Alabama. Na risasi ilimkuta Memphis, Tennessee. Kila mji una makumbusho yake, na ukitazama vipeperushi tu utadhani ni jumba moja limejengwa mara nne: picha za rangi nyeusi na nyeupe, watu wameshikana mikono, basi. Ukiingia ndani ndipo unapoona kwamba kila mji una habari yake, na kwamba mgeni anayefaa huku hafai kule.

Nimepeleka wageni katika miji yote minne kwa nyakati tofauti, na nimekosea zaidi ya mara moja. Nimemtembeza shangazi yangu mwenye goti bovu saa nne mfululizo. Nimempeleka mtoto wa miaka saba mahali ambapo alilala na taa imewashwa wiki nzima. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu mwenye siku mbili tatu, gari la kukodi, na abiria wa umri mbalimbali.

Asiye na subira achukue hili aende zake: ukiwa na watoto au wazee, Birmingham. Ukiwa na watu wazima wanaoweza kukaa kimya nusu saa, Montgomery. Memphis ni safari yake peke yake, usiichomeke katikati ya nyingine. Atlanta haihitaji wikiendi, inahitaji asubuhi moja.

Memphis: mlango namba 306

Makumbusho ya Taifa ya Haki za Kiraia yamo ndani ya moteli yenyewe. Hili ndilo linaloitofautisha Memphis na pengine pote. Lorraine Motel haikubomolewa; iliokolewa, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1991. Ukiegesha gari unaona kibao chake cha zamani, milango ya rangi ya feruzi, magari mawili ya enzi zile chini, na juu kwenye roshani, shada la maua mbele ya chumba 306. Tarehe 4 Aprili 1968, saa 12 na dakika 1 jioni, King alikuwa amesimama pale. Wageni wote niliowapeleka hunyamaza palepale kwenye maegesho, hata kabla ya kununua tiketi.

Moteli hiyo ilikuwa ya mume na mke Weusi, Walter na Loree Bailey, na Lorraine limetokana na jina la mke. Wakati hoteli za Wazungu zilikuwa hazipokei Mweusi, hapa walilala Ray Charles na Aretha Franklin. Loree alipatwa na kiharusi siku ileile King alipopigwa risasi, akafariki siku King alipozikwa. Jambo hili huwagusa watu wa nyumbani kuliko maelezo mengi ya ukutani. Nadhani ni kwa sababu sisi tunajua maana ya mgeni kufia mikononi mwa mwenye nyumba.

Kilichompeleka King Memphis ni takataka. Tarehe 1 Februari 1968 wazoataka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua ndani ya gari la taka, mtambo wa kushindilia ukawaka na kuwasaga. Siku kumi na moja baadaye wazoataka wapatao 1,300 waligoma. Mabango yao yalikuwa na maneno manne tu, ambayo nilimfasiria shangazi kuwa "Mimi ni mtu". Akaniuliza, "Kwani wao walidhani ni nani?" Ikabidi nimweleze kwamba mwanamume Mweusi wa kusini, hata awe na wajukuu, aliitwa "mvulana" na Mzungu yeyote, na kwamba neno lile la bango lina maana ya mtu na ya mwanamume mzima kwa pamoja. Kiswahili hakina neno moja la kubeba yote mawili.

Ndani, maonyesho yanafuata mpangilio wa miaka: utumwa, kisha sheria za ubaguzi, kisha kesi ya mwaka 1954 iliyoharamisha kutenganisha wanafunzi kwa rangi, iliyoongozwa na wakili Thurgood Marshall. Msomaji wa Kenya amkumbuke vizuri, maana mwaka 1960 alikwenda London kwenye mazungumzo ya katiba ya Lancaster House akiwa mshauri wa Waafrika, akaandaa rasimu ya haki za msingi. Baadaye kuna basi unaloweza kupanda na kukaa, na sauti ya dereva iliyorekodiwa inakuamuru uhame kiti. Watoto wanalipenda. Ila jua kwamba si basi la Rosa Parks, yule mwanamke wa Montgomery aliyekataa kuhama kiti. Lile la kweli liko kwenye makumbusho ya Henry Ford, Dearborn, Michigan.

Mwisho wa yote unafika chumba 306 na kukitazama kupitia kioo: vitanda, vikombe, kama wenyewe wametoka dakika tano zilizopita. Hapo ndipo ningependa ziara iishe. Lakini ng'ambo ya barabara kuna jengo la pili, ile nyumba ya kupangisha ambako risasi ilitokea dirisha la bafu, nayo ni sehemu ya makumbusho. Nilipowapeleka wageni kulikuwa na mambo mengi ya upelelezi, bunduki, njia za kutoroka za muuaji, James Earl Ray. Waliopenda habari za polisi walikaa saa nzima. Shangazi alikataa kuvuka barabara. Alisema hakupanda ndege kuja kuona choo cha muuaji. Mimi nipo upande wake.

Udhaifu wa Memphis ni kwamba inataka kukueleza kila kitu. Mwenye tabia ya kusoma kila maandishi hufika chumba 306 akiwa hoi, macho yamechoka, na pale ndipo alipopaswa kuwa mzima. Ruka ruka. Ukitumia saa tatu zinatosha.

Jirani yake je? Panatawanyika. Kanisa la Clayborn Temple, walikoanzia maandamano wazoataka, liliungua vibaya tarehe 28 Aprili 2025. Kando yake kuna kiwanja cha kumbukumbu chenye majina ya wagomaji, na hicho ndicho cha kwenda kuona. Mason Temple, ambako King alihubiri mara ya mwisho usiku wa mvua na radi wa tarehe 3 Aprili, ni mwendo wa gari. Beale Street, mtaa wa muziki wa bluzi, uko karibu hata kwa miguu, na kwa mpenda muziki kuna Stax, jumba la makumbusho ya muziki wa soul. Kwa mpenda muziki, basi, Memphis inashinda bila ubishi. Usiku una pa kwenda, jambo ambalo siwezi kulisema kwa moyo mmoja kuhusu Montgomery.

Birmingham: njia panda moja

Hapa ndipo miguu ya wazee inapopumzika. Simama kwenye kona ya mtaa wa 16 na barabara ya 6 Kaskazini. Upande mmoja kuna Taasisi ya Haki za Kiraia ya Birmingham, iliyofunguliwa mwaka 1992. Ng'ambo kuna kanisa la Kibaptisti la mtaa wa 16. Kona nyingine ni bustani ya Kelly Ingram. Ukitembea kidogo kuna moteli ya tajiri Mweusi A. G. Gaston, walikokutania viongozi wa harakati. Vyote unaviona karibu bila kuhama ulipo. Mwaka 2017 rais Obama aliitangaza sehemu hii kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa, na walinzi wa hifadhi za taifa wanapatikana kukuelekeza.

Habari ya hapa ni ya watoto, na ndiyo sababu nawaleta watoto.

Masika ya 1963 harakati zilikuwa zimekwama. Watu wazima waliogopa kuandamana kwa sababu mwajiri angewafukuza kazi kesho yake. King mwenyewe alikamatwa Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili. Ndipo kijana wa harakati, James Bevel, akaleta wazo lililowatia hofu wenzake: mwanafunzi hana kazi ya kupoteza. Tarehe 2 Mei watoto zaidi ya 1,000 waliacha shule, wakakusanyika kanisani, wakatoka kwa makundi wakiimba. Mamia walikamatwa siku hiyohiyo. Kesho yake, mkuu wa usalama wa jiji, Bull Connor, aliamuru mbwa wa polisi na mabomba ya maji ya zimamoto.

Picha zilisambaa duniani kote. Na hapa pana kipande ambacho Mwafrika Mashariki anaweza kukiongeza mwenyewe akisimulia: mwezi uleule wakuu wa nchi za Afrika walikuwa Addis Ababa wakiunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Milton Obote, waziri mkuu wa Uganda, akamwandikia rais Kennedy barua ya wazi kulaani yaliyokuwa yakitendeka Birmingham. Aliwaita wale waliokuwa wakipigwa maji ndugu wa damu. Uganda ilikuwa na miezi saba tu tangu ipate uhuru. Nilipomsimulia haya mpwa wangu wa kidato cha pili, akiwa amekaa kwenye benchi la bustani ileile, alinyanyua kichwa kutoka kwenye simu. Huo ni ushindi.

Bustani yenyewe haina kiingilio. Njia ya miguu inapita katikati ya sanamu za mbwa wa chuma wanaochomoza kushoto na kulia, meno nje, usawa wa kifua chako. Huwezi kupita bila kujikunja kidogo. Mbele kuna sanamu za watoto nyuma ya nondo za jela, na mahali pengine mizinga ya maji imewaelekea watu waliobanwa ukutani. Nimeona sanamu nyingi za ukombozi, Dar, Nairobi na kwingineko; nyingi hukuinua kichwa umtazame shujaa. Hizi zinakuweka wewe mahali pa mwathirika, na hazina kifuniko wala kamba.

Kwenye kona inayotazama kanisa kuna sanamu ya wasichana wanne. Jumapili ya tarehe 15 Septemba 1963, saa 4 na dakika 22 asubuhi, baruti iliyotegwa na watu wa Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, ililipuka kanisani. Waliokufa ni Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wa miaka 14, na Denise McNair wa miaka 11. Mmoja wa wasichana kwenye sanamu anarusha njiwa, na njiwa wapo sita. Muulize mtoto uliyenaye kwa nini sita na si wanne. Wavulana wawili Weusi waliuawa jijini siku hiyohiyo, Johnny Robinson na Virgil Ware. Haki ya wasichana ilikuja kwa kuchelewa: mtuhumiwa wa kwanza alihukumiwa mwaka 1977, wengine wawili mwaka 2001 na 2002.

Kanisani usikose dirisha la kioo cha rangi ukutani nyuma. Ni zawadi ya watu wa Wales, lilichorwa na msanii John Petts, na pesa zilichangwa kidogo kidogo makusudi ili asitokee tajiri mmoja wa kusema dirisha ni lake. Kristo aliyechorwa pale ni Mweusi, mikono ameinyoosha: mmoja unakataa uonevu, mwingine unatoa msamaha. Kanisa hili lina waumini hadi leo, kwa hiyo ziara hupangwa mapema, na Jumapili ni ya ibada. Mkristo anaweza kwenda kusali, na nimeona wageni wakipokelewa vizuri, lakini usiende Jumapili kwa nia ya kupiga picha.

Taasisi yenyewe ni ndogo kuliko Memphis, na kwangu hiyo ni sifa. Utaona bomba mbili za maji ya kunywa, ya Wazungu na ya Weusi, utaona mlango wa mahabusu aliyofungwa King, na ukifika kwenye dirisha kubwa unaliona kanisa hapohapo ng'ambo ya barabara. Makumbusho mengine hukuonyesha picha ya jengo; hili linakuonyesha jengo. Saa mbili zinatosha. Tazama tovuti yao kabla ya kuondoka, kwa kuwa majumba ya umri huu hufungwa kwa matengenezo. Hata ukikuta limefungwa, bustani, kanisa na moteli ya Gaston vinatosha kuwa sababu ya safari, jambo ambalo Memphis haiwezi kusema.

Mwenye gari na saa moja ya ziada aende kanisa la Bethel, upande wa kaskazini, alikokuwa mchungaji Fred Shuttlesworth. Usiku wa Krismasi mwaka 1956 nyumba yake ililipuliwa akiwa kitandani, akatoka mzima. King alikuwa mgeni Birmingham. Shuttlesworth ndiye aliyekuwa mwenyeji. Uwanja wa ndege wa mji una jina lake leo, na wasafiri wengi hupita bila kujua ni nani.

Montgomery: siyo ya kila mtu

Montgomery ina vitu viwili vilivyokaa pamoja bila kuchanganyika, na inafaa uamue unaendea kipi.

Cha kwanza ni mji wa zamani wa harakati. Anzia kwenye chemchemi ya Court Square, palipouzwa watumwa. Karibu na hapo, tarehe 1 Desemba 1955, Rosa Parks alipanda basi. Alipokamatwa sasa pana makumbusho yenye jina lake. Panda mtaa wa Dexter kwa miguu, kilima chepesi, hadi kanisa la matofali mekundu ambalo King alilichunga kuanzia 1954 hadi 1960 na ambamo kususia mabasi kwa siku 381 kuliratibiwa. Ukitoka mlangoni na kugeuza shingo, unaliona jengo la serikali ya jimbo la Alabama. Pale Jefferson Davis aliapishwa mwaka 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee na utumwa, na pale maandamano ya kudai haki ya kupiga kura, yaliyotoka mji wa Selma, yaliishia tarehe 25 Machi 1965. Soko la watumwa, kanisa na ikulu ya wamiliki wa watumwa, vyote ndani ya matembezi yasiyofika kilomita moja. Sijaona mtaa mwingine wenye msongamano huo wa historia.

Usiache nyumba ya mchungaji, alimokaa King, kwenye mtaa wa South Jackson. Tarehe 30 Januari 1956 bomu lilitupwa barazani, mkewe Coretta akiwa ndani na mtoto mchanga. Alama ya lile shimo ipo hadi sasa. Nyumba ni ya kawaida kabisa, na wengi hunambia hapo ndipo King alipokuwa mtu kwao, mwenye jikoni na viti vya sebuleni. Kituo cha mabasi cha Greyhound nacho, walikopigwa vijana wa safari za uhuru, waliopanda mabasi kupinga ubaguzi, mwezi Mei 1961, sasa ni makumbusho madogo. Nusu saa inatosha.

Cha pili ni kazi ya Equal Justice Initiative, taasisi ya wakili Bryan Stevenson. Ni maeneo matatu: Legacy Museum, mnara wa kumbukumbu ya waliouawa na makundi ya watu, na bustani ya sanamu kandokando ya mto Alabama iliyofunguliwa mwaka 2024. Tiketi moja ya dola 5 imekuwa ikitosha kwa yote matatu, na kuna mabasi madogo ya kukuhamisha. Kwa mfuko, hakuna pa kulinganisha. Memphis ni ghali zaidi.

Tofauti kubwa ya Legacy Museum na ndugu zake ni swali inaloliuliza. Memphis inauliza: tulifikaje 1968? Birmingham inauliza: mwaka 1963 mji huu ulifanya nini? Montgomery inaanzia baharini, kwa mawimbi makubwa ukutani na sanamu za vichwa vya watu mchangani, kazi ya msanii Mghana Kwame Akoto-Bamfo, kisha inakuchukua kutoka minyororo hadi kamba, kutoka kamba hadi vibao vya "Wazungu tu", kutoka vibao hadi magereza ya leo. Inadai kwamba ni kitu kimoja kilichobadilisha nguo. Unaweza kutokubaliana nayo, lakini haikupi nafasi ya kutoka ukisema "zamani bwana, watu walikuwa washenzi". Mahali fulani unakaa kwenye kiti, unanyanyua simu, na mfungwa kwenye kioo anakusimulia kesi yake ukiwa unamtazama machoni. Kuna rafu za mitungi ya udongo uliochotwa mahali watu walipouawa, kila mtungi na jina, kila udongo na rangi yake: mwekundu, mweusi, wa mchanga. Picha haziruhusiwi ndani, na naona ni busara.

Mnara uko kilimani. Nguzo zaidi ya 800 za chuma chenye kutu, kila moja ni ya wilaya moja, zimeandikwa majina ya watu zaidi ya 4,400 waliouawa kati ya 1877 na 1950. Unapoingia nguzo ziko usawa wako. Sakafu inashuka polepole, nguzo hazishuki, na baada ya hatua chache zinaning'inia juu ya kichwa chako. Hakuna haja ya mwongozaji. Ukutani kuna vibao vifupi vya sababu. Kimoja kinamtaja Jesse Thornton, aliyeuawa Luverne, Alabama, mwaka 1940 kwa kumtaja polisi bila kutanguliza "bwana". Shangazi, aliyetulea kwa shikamoo asubuhi na jioni, alikisoma nilipomtafsiria, akakaa chini. Alisema heshima ya kulazimishwa kwa kamba haijawahi kuwa heshima. Hatukuongea mpaka kwenye gari.

Aliyewahi kufika Mkunazini, Unguja, kwenye lile shimo lenye sanamu za watumwa na minyororo shingoni, atayatambua mapigo ya moyo yanayompata hapa. Tofauti ni ukubwa, na majina. Mkunazini sanamu hazina majina. Kwenye bustani ya mtoni Montgomery kuna ukuta wenye majina ya ukoo 122,000, yaliyotolewa katika sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika waliokombolewa kwa majina yao kamili. Nimeona wenyeji wakipapasa ukuta huo kutafuta la kwao kama mtu anavyotafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa shuleni.

Sasa onyo. Chini ya miaka kumi, usimpeleke mtoto Legacy Museum. Mpe mtu abaki naye kwenye makumbusho ya Rosa Parks. Na usiende huko ukiwa umebakiza saa mbili tu kabla ya safari ya kurudi. Maeneo matatu yanahitaji siku nzima, na jioni yake hutataka kufanya kitu kingine.

Atlanta, kwa ufupi

Kaburi la King na mkewe Coretta liko katikati ya bwawa, karibu na kanisa la Ebenezer na mtaa aliozaliwa. Ni hifadhi ya taifa, hulipi kitu. Nyumba aliyozaliwa ilifungwa kwa ukarabati mwishoni mwa 2023, kwa hiyo ulizia kwanza kama imefunguliwa. Asubuhi inatosha, na mchana uende kituo cha haki za kiraia na za binadamu kilicho katikati ya jiji, chenye kaunta ya mgahawa unayokalia ukiwa na vipaza sauti masikioni, ukitukanwa na kutishwa kama vijana Weusi waliokaa kwenye migahawa ya Wazungu mwaka 1960.

Kinachonifanya niipende Atlanta si hayo. Mwezi Mei 1959 Tom Mboya alifika hapa na kufanyiwa karamu, King mwenyewe akiwa miongoni mwa wasemaji. Na Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga alifikia hoteli moja jijini. Vijana wa harakati wakaenda kumwimbia, kisha wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa, wakakataliwa, wakakaa, wakakamatwa. Wakatunga wimbo wenye jina lake. Wageni wangu wa Kisumu nikiwaambia hili hawataki tena kwenda kwenye maduka.

Barabara, siku na tumbo

Usafiri wa umma kati ya miji hii ni mgumu, kodi gari. Kutoka Atlanta hadi Birmingham ni kama kilomita 235, hadi Montgomery kama 260, na kati ya miji hiyo miwili ya Alabama ni kama 150. Inafanya pembetatu nzuri ya siku mbili au tatu. Memphis iko kilomita 385 hivi zaidi ya Birmingham, upande wa magharibi, ndiyo maana nasema iende peke yake, ikiwezekana kwa ndege. Selma na daraja la Edmund Pettus, walilovuka waandamanaji wale, ni kilomita zaidi ya 80 kutoka Montgomery. Ukiwa na siku ya tatu, iwe hiyo.

Jumatatu na Jumanne milango mingi hufungwa. Lenga Alhamisi hadi Jumamosi. Julai na Agosti jua la Alabama ni la Tanga mwezi wa Februari bila upepo wa bahari, na mnara wa Montgomery na bustani ya Birmingham viko nje: kofia, maji, na mzee apumzike kivulini.

Chakula hakitawatesa wageni. Majani yao ya kola ni sukuma wiki iliyochemshwa mpaka ikasalimu amri, bamia zipo, na uji wao mzito wa mahindi ukiwekewa samaki wa kukaanga unakaribia sana ugali. Waislamu waulize kwanza, maana mboga hizo mara nyingi hupikwa na nyama ya nguruwe bila mtu kuitaja.

Saa nayo iangalie. Alabama na Memphis ziko nyuma ya Atlanta kwa saa moja. Ukiondoka Atlanta saa mbili asubuhi unafika Birmingham kabla ya saa tatu na nusu za kwao. Ukirudi, saa hiyo inadaiwa, kwa hiyo usimwahidi mtu chakula cha jioni.